Hodi ya Simu: Namna ya Kumkatalia Mpiga Simu Tusiyemwita

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa samaki, Kirumba, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada mlioacha mizigo sokoni Mwaloni ili mje kuketi hapa katika saa hii ya jua kali, nawashukuru kwa kunialika. Katibu aliniomba nizungumzie utapeli wa simu. Nilimwomba aniruhusu nianze na jambo lililo jirani na utapeli lakini si utapeli, kwa sababu naamini ndilo linalotula muda mwingi zaidi na ndilo tunalolinyamazia. Nazungumzia mtu anayetupigia kwa ajili ya biashara halali kabisa, awe anauza bima, mkopo, kiwanja au virutubisho, na vilevile mtu anayetutafuta ili atuingize katika kazi au katika kile kinachoitwa fursa, hali sisi hatukumwita.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Mwaloni kwa ajili ya hesabu za mmoja wa wanachama wenu. Ilikuwa bado asubuhi, magunia ya dagaa yamepangwa mbele ya mizani, na mnunuzi aliyetoka Kongo amesimama na daftari lake akisubiri kupimiwa. Simu ya mama huyo ikalia. Akajifuta mikono kwenye khanga, akaipokea kwa heshima ileile ambayo angempokea nayo mgeni mlangoni: shikamoo ikaitikiwa, habari za nyumbani zikaulizwa, kisha sauti ya upande wa pili ikaanza kumweleza habari za mkopo wa dharura. Nilimtazama akigeukia pembeni, akisema "ndiyo mwanangu", "sawa mwanangu", "haya, nitaangalia", kwa muda unaotosha kupima magunia manne. Alipomaliza, mnunuzi alikuwa amekwisha kuhamia kwa jirani. Nilimuuliza kama anahitaji mkopo, akasema hahitaji hata kidogo. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia kijana yule hivyo, alinijibu: "Ningemkataliaje mtoto wa watu?"

Nimekuja na jibu hilo mpaka hapa kwa sababu ndani yake mna wema wa kweli, na sikuja kuwaambia muuache wema huo. Nimekuja kusema kwamba njia tunayoitumia kuuonyesha inatuumiza sisi na inamuumiza mtoto huyo wa watu pia, na ninalisema hili nikiwa nimekaa pande zote mbili za simu.

Kabla sijaingia katika kazi ya uhasibu, nilifanya kazi kwa miezi minane katika chumba kimoja cha ghorofani hapa mjini, tukiuza bima kwa simu. Kila asubuhi tulikabidhiwa orodha ya majina na namba, na mbele ya kila jina palikuwa na nafasi tatu za kutia alama: amekubali, amekataa, apigiwe tena. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye siri ya kazi ile. Aliyesema "nitakutafuta" alitiwa alama ya kupigiwa tena. Aliyesema yupo kwenye daladala, au mtandao unakata, au ngoja kwanza aongee na mzee, au tuwasiliane mwisho wa mwezi, wote waliingia katika nafasi hiyohiyo. Nafasi ya "amekataa" ilikuwa ya yule tu aliyetamka neno la kukataa kwa kinywa chake. Msimamizi wetu aliihesabu nafasi ya tatu kuwa ndiyo akiba yake ya matumaini, na jioni alituuliza habari zake kwanza kuliko habari za waliokubali. Kwa hiyo mtu aliyetukwepa kwa upole siku ya Jumatatu alipigiwa Jumatano kwa saa nyingine, na asipopokea, alipigiwa Ijumaa kwa namba nyingine. Tuliamini kwa dhati kwamba anataka ila hajapata nafasi, kwa kuwa ndivyo alivyotuambia mwenyewe.

Mama yule wa Mwaloni alisema "nitaangalia". Ninyi nyote mnajua kwamba kwa lugha yetu neno hilo, likitamkwa kwa sauti ile, lina maana ya hapana. Lakini jedwali halina masikio ya kusikia sauti.

Napenda pia mjue hali ya yule anayepiga. Mshahara wetu ulikuwa mdogo na sehemu kubwa ya riziki ilitokana na kamisheni. Mzee aliyeniambia, "Sihitaji, binti yangu, nakutakia kazi njema," alinipa baraka mbili kwa sekunde kumi, kwani niliweka alama yangu nikaenda kwa jina linalofuata bila kinyongo. Aliyenisikiliza dakika 15 kwa sababu ya kunionea haya, akauliza mpaka bei za kila daraja, kisha akazima simu wiki nzima, huyo alinila ugali wangu wa siku ile. Sikuwahi kumfikiria kuwa ni mtu mwema. Nilimfikiria kuwa amenidanganya, na kwa kweli alikuwa amenidanganya. Ndiyo maana nashindwa kukubali pale tunaposema kwamba kukataa waziwazi ni kukosa adabu, ilhali kudanganya ndiyo adabu.

Tuitazame adabu yenyewe. Mila ya hodi ina masharti kwa pande zote mbili. Anayebisha husimama nje, hutaja jina lake, na akibisha mara tatu bila kuitikiwa huondoka, wala mwenye nyumba hana deni kwake. Hakuna aliyewahi kufundishwa kwamba kila abishaye hodi lazima afunguliwe, na hata mgeni aliyekwisha karibishwa tunamjua: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu hupewa jembe. Wazee walioiweka mipaka hiyo hawakuwa watu wakali. Waliiweka ili ukarimu uweze kudumu. Simu imeondoa kizingiti cha mlango, kwa hiyo mtu anasikika yuko ndani kabla hatujamwona uso, na sisi tumebaki na heshima ya mgeni aliyekwisha kuketi, tukaitoa kwa mtu ambaye bado yuko nje. Kuuliza "Naongea na nani, unatoka wapi, na namba yangu umeipata wapi?" ni kumrudisha kizingitini kwa staha, kama ambavyo tungemuuliza yeyote anayebisha usiku.

Swali la mwisho, la namba umeipata wapi, lina uzito wa kisheria, na ninasikitika kuona jinsi watu wachache wanavyolijua hilo. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Namba yako ya simu ikiambatana na jina lako ni taarifa binafsi. Aliyeikusanya anapaswa kuitumia kwa lengo lile alilokueleza, na sheria inakupa haki ya kumtaka aache kuitumia kwa ajili ya matangazo ya biashara yanayokulenga wewe moja kwa moja. Asipokusikia, Tume inapokea malalamiko. Hivyo unapomwambia mpiga simu, "Naomba mniondoe kwenye orodha yenu, na uandike kwamba nimekataa," unadai haki uliyopewa na Bunge. Andika pembeni tarehe, saa, na jina la kampuni aliyoitaja, maana lalamiko lenye tarehe hupata mahali pa kuanzia.

Namba zenyewe tunazitoa wenyewe mahali pengi: kwenye daftari la wageni pale getini ambalo kila anayefuata husoma mistari iliyo juu yake, kwenye fomu za bahati nasibu za madukani, kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ambalo kila mwanachama huziona namba za wenzake wote, hata za watu asiowajua. Tena zipo programu za mikopo ya haraka ambazo mkopaji akizipakua huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo ndani ya simu yake, ndipo wewe usiyekopa hata shilingi unapigiwa kudaiwa habari za jirani. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hadharani majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijiti bila leseni. Akipiga mtu wa aina hiyo, jibu ni moja: mimi si mdhamini wa mkopo huo, na usinipigie tena kwa jambo hili. Kisha izuie namba hiyo, wala usianze kueleza habari za jirani yako.

Sasa nije kwa wanaotusajili, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu ndipo panaponiuma. Muuza bima asiyekujua anaweza kukatiwa simu. Lakini fursa hairuki kutoka kwa mgeni. Huletwa na mtu uliyesoma naye, au mwimbaji mwenzako wa kwaya, au ndugu wa mume. Haisemi ni nini. Inasema, "Kuna jambo zuri nataka nikushirikishe, njoo Jumamosi, lakini siwezi kulieleza kwa simu." Watu wazima mtakumbuka DECI, mchezo wa upatu uliofungwa na Serikali mwaka 2009. Fedha iliyotolewa iliitwa mbegu, malipo yakaitwa mavuno, na watu wengi walioingia waliingizwa na watu waliowapenda. Shimo lile lilichimbwa kwa undugu.

Wifi yangu alikuja nyumbani Pasiansi na begi la virutubisho. Alinipigia kwanza mara sita ndani ya wiki mbili, nami, pamoja na kujua yote niliyowaeleza kuhusu ile nafasi ya tatu, nilimwambia nina wageni, nina safari ya Sengerema, nina mafua. Nilipofungua mlango nilimwona amevaa vizuri kuliko siku zote, amechoka, na viatu vimejaa vumbi la kupanda kilima chetu. Alipanga makopo yale mezani moja baada ya jingine, lebo zikinielekea, akaniambia kwamba akimwingiza mtu mmoja tu chini yake katika biashara hiyo kabla ya mwisho wa mwezi atapanda daraja. Nikatambua kwamba kila uongo wangu ulikuwa umempa siku nyingine ya kunitegemea. Nilimwambia: "Wifi, hapa ni kwako siku yoyote, na ukija tutakula pamoja. Biashara hii sitaingia, leo wala mwezi ujao, na nakuomba tusiizungumze tena mimi na wewe. Nisamehe kwa kukuzungusha." Alilia kidogo. Tulikula. Alirudi mwezi uliofuata bila begi.

Angalieni kilichomo katika maneno yale, na kisichokuwamo. Undugu umetajwa kwanza na umetajwa peke yake, haukufungwa pamoja na biashara. Kukataa kumetiwa muda wake, yaani hakuna mwezi ujao. Na hakuna sababu iliyotolewa, kwa kuwa sababu humpa mwenzako kazi ya kuiondoa. Ukisema huna fedha, ataambiwa na walio juu yake akuonyeshe namna ya kukopa, na ukisema huna muda, atakuja na mpango wa saa mbili kwa wiki. Sisi wauza bima tulikuwa na karatasi nzima ya majibu ya sababu za watu. Karatasi ile haikuwa na jibu la mtu aliyesema "sitaki" akanyamaza.

Kwa vijana wenu wanaopigiwa kuhusu ajira, hasa za nchi za Kiarabu za Ghuba, nitasema kwa ufupi. Msishukuru kabla hamjajua mnashukuru nini. Mwambieni mpiga simu atume kwa maandishi jina la mwajiri, mahali pa kazi, mshahara na muda wa mkataba, na mwambieni kwamba mazungumzo yataendelea hayo yakifika. Aliye wa kweli hatakasirika, kwa sababu anayo. Kisha mpeleke jina la wakala huyo kwenye ofisi ya Serikali inayoshughulikia huduma za ajira mkaulize kama anatambulika. Anayedai ada ya usajili leo hii kabla jua halijazama, kwa huyo tumekwisha kutoka kwenye mada ya adabu.

Nayo mada ya matapeli, Katibu, sikuisahau. Huduma kwa wateja ya kampuni za simu hutumia namba 100, kwa hiyo anayejitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu kwa namba ya kawaida hana haja ya kusikilizwa. Ujumbe wa kutaka utume fedha kwenye namba usiyoijua upelekeni 15040, kisha mfuate maelekezo mtakayopewa ya kutaja namba iliyouleta. Tapeli hastahili hata lile jibu la sekunde kumi, kwani kila neno unalompa ni kitu cha kushika.

Ndugu zangu, maneno haya kinywani ni mazito kuliko karatasini, nami nilihitaji kuyatamka mara kadhaa peke yangu jikoni kabla hayajatoka yakiwa na upole niliokusudia. Kwa hiyo muda uliobaki sitaki tuutumie kwa maswali kwanza. Mama uliyekaa karibu na dirisha, mwenye kilemba cha kijani, naomba usogee hapa mbele uketi kwenye kiti hiki. Mimi nitakuwa binti wa mikopo, nawe una magunia yako mbele ya mizani na mnunuzi anasubiri. Haya, simu inalia. Shikamoo mama, habari za nyumbani?