Pengo Lisilokuwepo: Hofu ya Usalama katika Kampeni za Urais

Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu wasikilizaji. Nawaona humu ukumbini watu walionisikia nikilisema jambo hili mara tatu au nne, na mmoja wao ameshaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Anajua nitaanza na makombora. Naam, nitaanza na makombora, na safari hii siombi radhi. Kila ukifika mwaka wa uchaguzi nasikia watu wazima, wenye akili zao, wakiulizana, "Hofu hii ni ya kweli au ya kutungwa?" Swali hilo halitufikishi popote. Mimi nauliza hivi: katika kampeni, nani ameruhusiwa kusema anachokijua, na nani amefungwa mdomo?

Twende 1957. Oktoba 4, Wasovieti wanarusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Historia yake mnaijua, siirudii. Kilichowatia Wamarekani kiwewe hakikuwa kile kidude chenyewe kilichokuwa kikilia juu angani. Ilikuwa ile roketi iliyokipeleka. Roketi yenye nguvu za kupandisha chombo angani inazo pia nguvu za kushusha bomu Chicago. Naye Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, mtu ambaye kujitapa hakukuwahi kumpa tabu, akatangazia dunia kwamba kwao makombora yanatoka kiwandani kama soseji. Hayakuwa yanatoka. Lakini mnyonge aliyeachiwa njia kwa sababu watu wanadhani ana bunduki, ataigeuza mifuko nje ili iwe nini?

Basi likazaliwa neno "pengo la makombora". Maana yake ni kwamba Wasovieti wako mbele, Marekani iko nyuma, na mwanya unapanuka. Seneta wa Massachusetts, John Kennedy, alilitolea hotuba ndefu katika Seneti Agosti 1958, kisha akatembea nalo mpaka kampeni ya 1960. Nchi imelala, alikuwa akisema, na waliolala ni serikali ya Rais Eisenhower. Makamu wa Rais katika serikali hiyo alikuwa Richard Nixon, ambaye ndiye aliyekuja kugombea dhidi yake.

Sasa utazameni mtego ulivyotegwa. Eisenhower alikuwa na picha. Tangu 1956 ndege za upelelezi za U-2 zilikuwa zikipita juu ya ardhi ya Wasovieti, juu kabisa, na zikirudi na filamu. Wataalamu walizitazama kwa vioo vya kukuzia, reli kwa reli, kwa kuwa makombora makubwa namna ile yasingesafirishwa bila reli. Hawakuona utitiri wowote wa makombora. Kweli, picha hazikuifunika nchi nzima, na hapo ndipo wakadiriaji walipogombana. Jeshi la anga, ambalo ndilo lingepewa fedha za makombora mapya, liliyaona mengi kuliko idara nyingine zote. Sitatoa maoni juu ya hilo.

Rais angesemaje? Angesimama aseme, "Pengo hakuna, tulizaneni"? Wangemuuliza, "Umejuaje?" Na jibu la swali hilo fupi ndilo lililokuwa limefungiwa kwa kufuli nzito kuliko zote serikalini. Mei 1, 1960, ndege moja ikadunguliwa, rubani wake, Gary Powers, akakamatwa hai, siri ikawa mikononi mwa Khrushchev. Mtu atasema, haya, si imeshafichuka, sasa aseme! Aseme nini, wakati safari zenyewe zimesimama na kila anayetaka kukisia ana uwanja wa kukisia? Agosti mwaka huo huo setilaiti ya upelelezi ya Marekani, Corona, ikarudisha filamu yake ya kwanza, na safari ile moja iliifunika nchi ya Wasovieti kuliko safari zote za U-2 zikijumlishwa. Hiyo nayo ikawa siri ya siri. Ilifunguliwa rasmi 1995. Hesabuni wenyewe ni chaguzi ngapi zimepita hapo katikati.

Kwa hiyo Kennedy anazunguka majimbo akisema asichokuwa na hakika nacho, na Nixon anazunguka majimbo akinyamazia anachokijua. Mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Allen Dulles, alikwenda kumpa Kennedy muhtasari Julai 1960, na wanahistoria wanabishana mpaka leo alimwambia kiasi gani. Mimi sibishani nao. Tuseme hakuambiwa lolote. Mtego unabaki vilevile: anayejua hawezi kusema, na anayesema hahitaji kujua.

Na bado sijafika kwenye Cuba. Mwenyekiti, najua, najua, lakini Cuba siiachi. Machi 1960 Eisenhower alikuwa ameidhinisha mpango wa kisirisiri wa kuwafunza Wacuba waliokimbia nchi yao ili wamwondoe Fidel Castro, kiongozi wa Cuba. Nixon alikuwa akiuunga mkono. Oktoba, wiki chache kabla ya kura, upande wa Kennedy unatoa tamko kwamba wapinzani wa Castro wasaidiwe, serikali imezubaa. Ilikuwa haijazubaa, ilikuwa inafanya jambo hilo hilo! Nixon afanye nini? Akisema "tayari tunafanya", ameuchoma mpango. Basi katika mdahalo wa nne, Oktoba 21, akasimama mbele ya kamera akaliponda pendekezo hilo kwamba ni la hatari na halina uwajibikaji. Tafakarini sura hiyo. Mtu anayeutaka mpango anaupinga hadharani ili kuulinda, na mwenzake anavuna sifa ya ukali kwa kupendekeza kitu kilichokwishaanza. Anayewapenda wagombea wenye kauli kali za usalama, usiku ule ndio wa kuutazama kwanza.

Kennedy akashinda. Tofauti ya kura za wananchi haikufika 120,000 kati ya kura milioni 68 na ushee. Sisemi makombora ndiyo yaliyompa ushindi. Kwa tofauti nyembamba hivyo, hata mvua ingeweza kudai imeshinda uchaguzi. Ninachokisema ni kilichofuata. Februari 1961, wiki chache tu baada ya kuapishwa, Waziri wa Ulinzi Robert McNamara anaketi na waandishi wa habari, anawaambia kwa unyoofu wa mgeni wa siasa kwamba pengo halipo, na kama lipo basi ni Marekani iliyo mbele. Ikulu ikahaha kuzima moto. Kwa maelezo yake mwenyewe miaka mingi baadaye, McNamara alikwenda kwa Kennedy kutaka kujiuzulu. Septemba mwaka huo makadirio rasmi ya kijasusi yakasema makombora ya masafa marefu ya Wasovieti yaliyo tayari kurushwa ni kati ya 10 na 25. Soseji gani hizo?

Mtu mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, na najua anachotaka kusema. "Kwani Wasovieti hawakuwa hatari?" Walikuwa hatari, tena sana. Walikuwa na bomu la haidrojeni, na 1962 walipeleka makombora Cuba yenyewe. Lakini hatari ya kweli na hatari iliyouzwa kwenye kampeni hazikuwa kitu kimoja, na iliyolipiwa ni ile iliyouzwa. Pengo lilipogundulika kuwa halipo, ahadi ya kuliziba haikufutwa. Makombora ya Minuteman yakajengwa, yakafika 1,000. Moscow nao wakayahesabu, wakaogopa, wakajenga ya kwao. Mwishowe Wasovieti wakapata kweli yale makombora ambayo 1960 walisingiziwa.

Haya, niharakishe. Hapa nilikuwa nimepanga hoja tano.

1964 mnaifahamu kwa lile tangazo la mtoto na ua. Msichana mdogo anachambua petali, anazihesabu, anakosea hesabu kama watoto wanavyokosea, mara sauti ya mwanamume inaanza kuhesabu kurudi nyuma, bomu la nyuklia linalipuka. Kambi ya Rais Lyndon Johnson ililipia lirushwe mara moja tu, Septemba 7. Vituo vya habari vikalirudia bure vikijadili kama ni haki kulirusha! Jina la mpinzani, Barry Goldwater, halikutajwa humo hata mara moja. Halikuhitajika. Waliotazama walijijazia wenyewe kwamba ndiye atakayeleta vita, na hofu ya namna hiyo haikanushiki, kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Johnson akashinda kwa zaidi ya asilimia 61. Oktoba alikuwa ameahidi kwamba hatawapeleka vijana wa Marekani maili elfu tisa au kumi kutoka kwao kwenda kufanya kazi ya vijana wa Asia. Machi 1965 wanajeshi wa majini wakatua Da Nang, Vietnam. Aliyempigia Johnson kura kwa kuogopa vita vya Goldwater alipata vita vya Johnson.

Hoja nyingine, rais aliye madarakani. Wengi hudhani hofu humfaa yeye daima, na mwanzoni ni kweli: adui akibisha hodi, watu hujikusanya nyuma ya bendera. Muulizeni Jimmy Carter. Novemba 4, 1979, ubalozi wa Marekani Tehran, Iran, unavamiwa na waliomo wanashikwa mateka. Umaarufu wa Carter unapanda ghafla, Edward Kennedy aliyetaka kumpokonya tiketi ya chama anapwaya, Carter anabaki Ikulu akisema ana kazi nzito kuliko kampeni. Lakini kila jioni mtangazaji Walter Cronkite alikuwa akimalizia taarifa ya habari kwa kuhesabu siku za mateka. Siku ya 100. Siku ya 200. Aprili, jaribio la kuwaokoa linaishia jangwani na wanajeshi wanane wamekufa. Na siku ya uchaguzi ikaangukia, kwa kalenda isiyo na huruma, Novemba 4, 1980, mwaka kamili. Hofu ni mkopo, na Carter aliukopa kabla ya kujua siku ya kulipa. Mateka 52 walitoka baada ya siku 444, Ronald Reagan, aliyemshinda Carter, akiwa ameshaapa.

Urusi ya 1999 naipita mbio: Putin anakuwa Waziri Mkuu Agosti, Septemba majengo ya makazi yanalipuliwa na watu wapatao 300 wanakufa, vita vya Chechnya vinaanza upya, Desemba 31 Rais Yeltsin anajiuzulu, Machi 2000 Putin anashinda raundi ya kwanza. Miezi saba, kutoka mtu asiyejulikana hadi rais. Nigeria ya 2015 ilistahili nusu saa peke yake, kwa sababu huko upigaji kura wenyewe ulisogezwa wiki sita, kutoka Februari 14 hadi Machi 28, wakuu wa usalama wakisema askari wako vitani na Boko Haram. Rais aliyekuwa madarakani, Goodluck Jonathan, akashindwa vilevile. Wasichana 276 wa shule ya Chibok walikuwa wametekwa na Boko Haram karibu mwaka mzima kabla, na wiki sita hazikutosha kumsahaulisha mzazi. Hofu ile ilikuwa na majina na madawati matupu darasani; haikuhitaji mtunga matangazo. Kwa hiyo anayesema nadharau hofu za watu, hajanisikiliza.

Ya wahamiaji na mipaka naiacha. Ya mitandao ya kijamii naiacha pia, na nyote mnayo ya kusema juu yake.

Mwenyekiti ameninyooshea vidole viwili. Dakika mbili zatosha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Marekani ilikuwa na kipimo cha tahadhari ya ugaidi chenye rangi tano. Agosti 1, 2004, siku tatu baada ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic uliompitisha John Kerry, tahadhari kwa taasisi za fedha za New York, New Jersey kaskazini na Washington ikapandishwa hadi rangi ya chungwa, ya pili kwa ukali. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya taarifa zenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitatu au minne. Serikali ikajibu kwamba taarifa ya zamani yaweza kuwa ya hatari ya leo, jambo ambalo ni kweli, na ambalo mimi na ninyi hatuna njia ya kulihakiki. Oktoba 29 Bin Laden akatokea kwenye video. Novemba 2 watu wakapiga kura, Rais Bush akamshinda Kerry. Novemba 10 rangi ya chungwa ikashushwa.

Sijamtuhumu mtu. Nimesoma kalenda tu. Karibuni kwa maswali, na yule bwana aliyekuwa akitikisa kichwa aanze.