Corolla ya 2006, kilomita 210 kila siku: mdogo wangu, usiuze hiyo Premio kwanza

Wadau habari za Jumapili, karibuni tena. Niko nje ya nyumba hapa St. Cloud, jimbo la Minnesota, boneti iko wazi kama mnavyoona, na leo sina mambo ya visa wala ya kutafuta kazi, leo naongea gari tu. Mdogo wangu wa Mlandizi kanitumia voisi juzi usiku, dakika nne nzima, anasema kaka nauza Premio, nachukua mkopo nanunua gari ya maana, hii imenichosha, inachemsha kila nikikaribia Kibaha na mjini natakiwa saa mbili. Nikamwambia subiri, usisaini kitu chochote, nakujibu kwa video ili na wengine wenye shida kama yako wasikie.

Haya, ngoja nigeuze kamera. Hii ni Corolla ya 2006, injini 1ZZ, ile ile iliyoko kwenye Premio na Allion za zamani za cc 1800, kwa hiyo mdogo wangu, kama yako ni hiyo ya cc 1800, mimi na wewe tunaendesha injini moja. Mimi naishi hapa na kazi yangu iko Minneapolis, ni maili 65 kwenda na 65 kurudi, yani kwa nyumbani chukulia mtu anatoka Chalinze anakwenda Dar kazini halafu anarudi kulala Chalinze, siku tano kwa wiki. Gari niliinunua ikiwa na maili 150,000, sasa hivi miaka miwili na nusu imepita na inasoma 231,000, ambayo ni kama kilomita 372,000. Na kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri naiwasha naingia nayo haiwei ya I-94 kama kawaida.

Watu wananiuliza inbox, uko Marekani mbona unaendesha gari ya zamani. Sikilizeni hesabu. Mwaka jana niliulizia gari mpya, nikaambiwa dola 480 kwa mwezi kwa miaka sita, hapo bima haijapanda. Dola 480 mara kumi na mbili ni 5,760. Sasa hili hapa daftari langu, naandika kila senti, oili na filta mara sita dola 210, tairi nne 400, pampu ya maji na belti na kulanti, ile dawa ya rejeta, 135, themostati 20, breki pedi za mbele 40, betri 160, beringi ya gurudumu 110. Jumla 1,075 kwa mwaka mzima, maana kazi nafanya mwenyewe. Hiyo tofauti ya zaidi ya dola 4,600 ndio bati mliloliona kwenye nyumba ya mama.

Lakini kuna siku nilikaribia kuiua hii gari na ndio sababu ya video hii.

Januari iliyopita nilianza kuona kitu cha ajabu kwenye hita. Nikiwa haiwei inapuliza moto vizuri, nikisimama kwenye taa za barabarani inapuliza baridi, nikiondoka tena inarudi moto. Nikasema labda ni swichi, labda gari inazeeka, nikaendelea nayo wiki mbili. Na katikati ya hizo wiki mbili nilimwaga oili kwenye gereji moja kwa sababu nje kulikuwa na baridi ya kutisha siwezi kulala chini ya gari, wakanipa karatasi imewekwa tiki kila sehemu, oili tiki, breki tiki, maji ya rejeta tiki. Nikaiamini ile karatasi.

Siku tatu baadaye, natoka kazini usiku, nimeshapita Albertville naelekea Monticello, mshale wa temprecha ambao miaka yote unakaa chini kidogo ya katikati nikauona unapanda, sio haraka, unapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi. Nje ni nyuzi 22 chini ya sifuri. Nikakumbuka mjomba wangu wa Korogwe, aliendesha mabasi miaka mingi, shikamoo mjomba kama unatazama, alikuwa anasema gari ikianza kuchemsha usiombe ifike, simama. Nikafungua hita mpaka mwisho ili ivute moto kutoka kwenye injini, ikapuliza baridi tupu, nikajua hapa hakuna maji kabisa, nikawasha hazadi nikatoka pembeni nikazima. Mfuniko wa rejeta sikuugusa, na wewe usiuguse kamwe injini ikiwa moto, ule mvuke unatoka na presha unakubabua uso. Nikakaa na blanketi langu dakika kama hamsini mpaka jamaa Mkongo ninayefanya naye kazi akaja, tukaivuta kwa brekidauni mpaka nyumbani.

Kesho yake nikaangalia lile tanki la akiba la maji. Sogeeni hapa muone, hili dogo jeupe. Mnaona huu mstari wa kahawia? Hilo ni doa, kulanti ya miaka mingi imelipaka rangi, ukiliangalia juujuu unasema maji yamefika kwenye FULL. Yule kijana wa gereji aliona doa akaweka tiki. Ukitaka kujua ukweli fanya hivi, weka tochi ya simu nyuma ya tanki, halafu itikise gari kwa bega, maji yakiwemo utayaona yanacheza. Siku ile niliitikisa, hakikucheza kitu.

Na yalikokwenda maji ni hapa, upande huu wa belti, mkono unaingia kwa shida. Chini ya pampu ya maji kulikuwa na ukoko, kama chumvi iliyokaukia mwilini ukitoka baharini, ila wenyewe wa pinki. Kulanti ya pinki ikivuja kidogo kidogo juu ya chuma cha moto inakauka, kwa hiyo chini hakuna dimbwi, huoni tone, unaona huo ukoko tu. Ilikuwa inavuja labda miezi miwili. Ile hita kuwa baridi nikisimama ilikuwa gari inaniambia maji yamepungua, injini ikizunguka taratibu hayafiki kwenye hita. Nimebadilisha pampu na belti Jumamosi nzima na vidole vimekufa ganzi, na namshukuru Mungu nilisimama mapema, gasketi ya silinda hedi haikuungua.

Sasa mdogo wangu, nirudi kwako. Kwenye voisi yako umesema kitu ukakipita haraka, umesema fundi alishatoa themostati kwa sababu "nchi yetu ni joto haina kazi". Hapo ndipo roho iliponiuma, maana hii kitu nimeisikia toka nikiwa mtoto, na mafundi wetu ni hodari kweli, wanafufua gari ambazo huku zingetupwa, lakini hili wanakosea na linatuulia gari. Themostati ni kama mlango. Injini ikiwa baridi inafunga maji yasiende kwenye rejeta ili ipate moto haraka, ikifika nyuzi 80 na kitu inafungua. Ukiitoa, mlango uko wazi muda wote, asubuhi haiwei upepo unapiga rejeta, injini inakwenda haijafikia joto lake, kompyuta inadhani gari ndio kwanza imewashwa inamwaga mafuta zaidi, oili inabaki na unyevu, inachafuka mapema. Halafu ukifika kwenye foleni inachemsha vilevile! Kwa sababu kilichokuwa kinachemsha hakikuwa themostati toka mwanzo, au ilikuwa imekwama ikatakiwa mpya, ikatolewa, na ugonjwa wenyewe ukaachwa.

Na ugonjwa wenyewe nina wasiwasi ni maji unayoweka. Maji ya kisima ya Dar mnajua yalivyo na chumvi, angalia tu ndani ya birika lako la chai, ule ugando mweupe. Rejeta ina vijinjia vyembamba sana, ugando kama ule ukikaa mle pamoja na kutu maji hayapiti. Wengi wanadhani kulanti ni ya nchi za barafu. Kweli mimi nachanganya nusu kwa nusu na inanivusha mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri bila kuganda, lakini hiyo hiyo inapandisha kiwango cha kuchemka, inazuia kutu na inalinda pampu. Mwenye joto anaihitaji pia. Na mfuniko wa rejeta upimwe, una springi ndani, kazi yake kushika presha, presha ikishikwa maji yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka, springi ikilegea yanachemka kama yako sufuriani. Na feni, uhakikishe inawaka, maana ukienda kasi upepo unasaidia, kwenye foleni ni feni peke yake.

Kitu kingine nikiseme haraka kwa watu wa Dar. Hizi maili zangu nyingi hazinitishi kwa sababu ni za haiwei, injini inapata moto inakaa hapo hapo saa nzima. Oili nabadilisha kila maili 5,000, kwangu ni kama wiki nane. Wewe unayekaa Kimara foleni masaa mawili, kilomita zinasoma chache lakini injini imezunguka masaa yale yale, kwa hiyo usisubiri namba ya kwenye stika, wahi.

Beringi. Haiwei inaimba, vuuuu, unadhani ni tairi. Ukiwa kwenye kasi na barabara haina magari kata usukani kidogo kushoto, mlio ukiongezeka mara nyingi mbovu ni ya kulia, kwa sababu uzito umeegemea kule. Usiiache hiyo, gurudumu linaweza kulegea.

Na tairi, hasa nyinyi mnaonunua za mtumba, sogeeni hapa tena. Pembeni tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna namba nne. Yangu hii inasema 3523, ni wiki ya 35 mwaka 2023. Kashata, yani yale meno ya tairi, inaweza kuwa imejaa kabisa na tairi lina miaka kumi na miwili, mpira umekauka, halafu unakwenda nalo kilomita 100 kwa saa na watoto nyuma. Soma namba kabla hujatoa hela.

Chumvi ya barabarani huku inakula chasisi, ila hiyo nitaifanyia video yake, na watu wa Tanga na Zanzibar mtakuwa na la kuongezea maana upepo wa bahari kazi yake ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo mdogo wangu, kesho usiende benki. Nenda kwa fundi gari ikiwa imelala usiku kucha, imepoa. Mwambie akufungulie rejeta uone rangi ya maji, unipigie picha. Waisafishe, warudishe themostati mpya na gasketi yake, mfuniko mpya, kulanti, na umuulize mbele yako feni inawaka ikifika moto gani. Ukiwasha watoe hewa kwenye mfumo, usiondoke pale mpaka hita ipulize moto, hata kama ni Machi na jasho linakutoka. Halafu Jumapili tochi nyuma ya tanki, bega kwenye gari, unitumie hiyo video. Nikiona maji yanacheza wiki nne mfululizo na bado inachemsha, tutaongea kuhusu mkopo.

Haya ngoja nifunge boneti, vidole vimeshaanza.