Mradi wa ardhi unapimwa mwezi wa ngapi?

Asanteni, wa huko nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Leo tunaongea kuhusu kupima miradi ya kutunza ardhi vijijini na kwenye hivi vimji vyetu, na sitaki nadharia, twende Shinyanga moja kwa moja.

Shinyanga watu walikuwa wanaiita jangwa, na jangwa lenyewe lilitengenezwa na watu. Wakoloni walifyeka mapori ili kuua mbung'o, ikaja pamba, halafu miaka ya 70 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha ngitili zao. Kwa msioijua, ngitili ni eneo Msukuma analifunga mvua zikianza, ng'ombe haingii, majani yanakua, kiangazi kikikaza linafunguliwa kidogo kidogo, ndama wanapewa, na maksai na ng'ombe waliodhoofu. Sasa 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na mwanzoni ilikuwa mambo ya vitalu tu na miche ya kigeni. Jamani kuhesabu miche iliyogawiwa ni kama kuhesabu kadi za harusi ukadhani wote walikula pilau! Walipowasikiliza wenyeji wakafufua ngitili, dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, ikaweka sheria, sungusungu wakalinda, ndo mambo yakabadilika, kutoka hekta kama 600 zilizokuwa zinajulikana 1986 mpaka zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hapo huwa watu wanapiga makofi, mi nasema subirini kwanza. Kuna ngitili za kijiji na kuna za familia, na mwenye ng'ombe wengi ndo mara nyingi mwenye ngitili kubwa. Asiye na ng'ombe anaambulia kuni, uyoga, dawa, nyasi za kuezekea, tena akiruhusiwa. Picha ya setilaiti itakuonyesha kijani, huyo mama anayeomba ruhusa ya mzigo wa kuni haonekani.

Na Kondoa je? HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, ikifika 1979 mifugo ikatolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka. Majani yalirudi, ukipima udongo umefaulu, sibishi. Ila mfugaji aliyeondolewa na ng'ombe wake unamwandika safu ipi kwenye ripoti?

Kwa hiyo nyie maafisa msiende kupima mwezi wa tatu, mwezi wa tatu hata jalala lina kijani. Nendeni mwezi wa kumi, muulize ndama wanakula wapi, kuni zinafuatwa umbali gani, nani alipigwa faini mara ya mwisho, na kama tajiri wa ng'ombe naye ameshawahi kulipa. Mjini hivyo hivyo, ile miti ya stendi aliyopanda mgeni rasmi, muulizeni mtunza hazina hela ya kumwagilia iko kifungu gani cha bajeti, akianza kukohoa andikeni.

Haya, mikono naiona, tuanze na huyu dada wa kitenge cha njano.