Safu ya Tano: mhadhara kuhusu baiskeli, pufya na jicho la shabiki

Mwenyekiti, wazee wangu, dada na ndugu, habari za jioni. Nafurahi kuona viti vimejaa, ingawa wengi wenu mmepakata helmeti zenu, yaani mkinichoka ni kupanda baiskeli na kwenda zenu. (Kicheko.)

Nimekuja na daftari hili. Ni daftari la miraba la shule, la hesabu, nililolianza mwaka 2011 nilipokuwa bado nafundisha fizikia. Lina safu tano. Ya kwanza jina la mwendeshaji, ya pili mlima, ya tatu dakika alizotumia kuupanda, ya nne wati kwa kilo, yaani nguvu aliyotoa kwa kila kilo ya mwili wake. Juu ya safu ya tano nimeandika neno moja tu: Baadaye.

Mstari wa kwanza ni wa Juan José Cobo, mlima Angliru, Septemba 2011. Angliru uko Asturias, kaskazini mwa Hispania, na kuna vipande vyake ambavyo mwinuko unapita asilimia 20. Ukipanda hapo gurudumu la mbele linataka kukuacha. Cobo aliupanda akiwa peke yake, akavaa jezi nyekundu ya anayeongoza, na mwishoni akaichukua Vuelta, mbio kuu za Hispania, kwa tofauti ya sekunde 13. Wa pili alikuwa Chris Froome, kijana aliyezaliwa Nairobi na kufundwa mbio na David Kinjah pale Kikuyu. Safu ya tano ya Cobo ilikaa tupu hadi 2019, shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilipofuta matokeo yake kwa sababu ya pasipoti yake ya damu, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu yake vya miaka kadhaa. Ushindi akapewa Froome. Sekunde 13 zilichukua miaka 8 kuamuliwa.

Sasa ngoja niungame mapema. Mwaka 2011 sikumshuku Cobo kwa sababu ya hesabu. Nilimshuku kwa sababu alimshinda mtu wetu. Hesabu nilizifanya baadaye, kutafuta ushahidi wa jambo nililokwisha kuliamua kwenye kochi. Nikapatia, ndiyo. Lakini kupatia kwa njia ile si jambo la kujivunia mbele ya wanafunzi, na hilo ndilo lililonileta hapa jioni hii: shaka zetu sisi mashabiki huwa zimevaa jezi.

Kushuku kwenyewe si kosa. Mwenye kupenda mchezo huu asiposhuku basi hajasoma historia yake. Tom Simpson alianguka akafa Mont Ventoux mwaka 1967, mwilini akiwa na amfetamini. Julai 1998 gari la timu ya Festina lilisimamishwa mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji likiwa limejaa dawa, na aliyekuwa kwenye usukani ni Willy Voet, mtu wa kuwakanda misuli waendeshaji. Bjarne Riis alishinda Tour de France ya 1996, akakiri mwenyewe 2007 kwamba alikuwa akitumia EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Wakati ule kipimo cha EPO hakikuwepo. Kilichokuja kwanza, 1997, ni kikomo tu: damu yako ikizidi asilimia 50 ya chembe nyekundu, unapumzishwa. Kwa hiyo watu waliisogeza damu yao hadi 49 wakatulia hapo. Lance Armstrong mnamjua. Ushindi wake wa Tour saba ulifutwa Oktoba 2012, na kwa miaka yote ile jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba amepimwa mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana leo mwendeshaji akituambia "nimepimwa", sisi wa zamani tunaguna.

Twende kwenye wati, maana hapo ndipo ugomvi wa mashabiki unapochemkia. Naomba chaki. Asante.

Shabiki ana saa mkononi na anajua urefu wa mlima. Anapima ni mita ngapi za kimo mtu amepanda kwa saa moja. Wataliano wanaiita VAM. Kisha unachukua mwinuko wa mlima kwa asilimia, unazidisha kwa 10, unaongeza 200, na unaigawa VAM kwa jibu ulilopata. Unapata wati kwa kila kilo ya mwili. Tufanye Plateau de Beille, katika milima ya Pyrénées: kilomita 15.8, mwinuko asilimia 7.9, kwa hiyo kimo ni kama mita 1,250. Julai 14, 2024, Tadej Pogačar aliupanda kwa takriban dakika 40. Hiyo ni mita 1,875 kwa saa. Gawanya kwa 279. Nani ana kikokotoo? Eeh, 6.7. Marco Pantani, 1998, alitumia dakika 43 na ushei. Yeye anatoka kama 6.2.

Na Pantani ndiye yule ambaye Juni 1999, pale Madonna di Campiglio, alitolewa Giro d'Italia, mbio kuu za Italia, akiwa anaongoza, damu yake ikisoma asilimia 52.

Basi hapo mtu anapiga meza: huyu wa leo amempita Pantani kwa zaidi ya dakika 3, kesi imekwisha! Polepole. Kanuni niliyoiandika ubaoni mnajua ilitoka kwa nani? Kwa Daktari Michele Ferrari, yule yule wa Armstrong, aliyefungiwa maisha na shirika la Marekani la kupambana na pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni. Rula tunayompimia mtuhumiwa aliichonga bwana huyo. (Kicheko.) Rula si mbaya, msinielewe vibaya. Ila haijui upepo ulivuma kutoka wapi. Haijui kama mtu alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake. Siku ile ya 2024 timu ya Jonas Vingegaard, mpinzani wa Pogačar, iliuwasha moto tangu chini ya mlima, kisha Vingegaard mwenyewe akashambulia zaidi ya kilomita 10 kabla ya kileleni, Pogačar akiwa amebanwa kwenye gurudumu lake kwa kilomita kadhaa. Hakuna aliyekuwa akisubiriana. Ndiyo maana Vingegaard na mwenzake Remco Evenepoel wa timu nyingine, ambao siku hiyo walishindwa, nao pia walimpita Pantani.

Kisha kuna chakula. Zamani mtu alikuwa akipanda na ndizi mbili na mkate mfukoni. Siku hizi wanazoeza matumbo yao kupokea gramu 120 za wanga kwa saa, kwa saa tano mfululizo. Jaribuni nyumbani, mtaniambia. Matairi yamepanuka, baiskeli zimejaribiwa kwenye vyumba vya upepo, kambi za milimani ni za mwaka mzima. Je, vyote hivyo vinatosha kueleza dakika 3? Mimi mwalimu wa fizikia nakwambia vinaeleza nyingi. Anayekwambia vinaeleza zote, muulize anashabikia timu gani.

Sasa Froome. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Hadi Agosti 2011 alikuwa mwendeshaji ambaye hata mkataba wake ulikuwa mashakani. Wiki tatu baadaye ni wa pili Vuelta. Kwa shabiki wa Ulaya aliyeishi miaka ya Armstrong, hiyo pekee ni kengele. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kichocho. Aligunduliwa nacho mwishoni mwa 2010, akameza dawa zaidi ya mara moja. Wenzetu wa Ulaya walicheka: kichocho! Walidhani ni neno la kubuni. Hapa ukumbini nani hajamezeshwa vile vidonge vikubwa vyeupe shuleni, vichungu, huku mwalimu akikwambia fungua mdomo nione? Sisi tunajua mtoto anayeogelea bwawani na konokono wake anavyokonda. Kwa hiyo tulimwamini papo hapo. Lakini angalieni tulichofanya: kuujua ugonjwa tuliugeuza kuwa ushahidi. Kwamba kichocho kinadhoofisha ni kweli. Kwamba kukitibu kunamtoa mtu mkiani hadi jukwaani, hilo halijulikani kwa kuwa tumeogelea.

Julai 2015, La Pierre-Saint-Martin, aliwaacha wote. Televisheni ya Ufaransa ikaleta mtaalamu aliyekadiria wati 7.04 kwa kilo. Siku chache baada ya ushindi huo mtu barabarani alimwita mla pufya na kummwagia kikombe cha mkojo. Mkojo, wazee wangu. Siku ya mapumziko timu yake, Sky, ikatoa namba zake: wati 414, yaani 5.78 kwa kilo, baada ya kupunguza asilimia kama 6 kwa sababu gia yake ya mbele ilikuwa na umbo la yai na kipimo kilikuwa kikizidisha. Mlima mmoja, mtu mmoja, siku moja: huyu anasema 7.04, yule anasema 5.78. Kwenye daftari langu hapa, oneni wenyewe mlioko mbele, niliandika 5.8 bila kusita. Nilichagua namba ya mtu wetu.

Mei 2018, Giro, Colle delle Finestre. Froome yuko nyuma kwa zaidi ya dakika 3, wa nne. Zikiwa zimebaki kilomita 80 akaondoka kwenye kipande cha changarawe, akaenda peke yake hadi Bardonecchia na kuichukua Giro. Mashabiki wakapiga kelele: Landis! Maana Floyd Landis alifanya hivyohivyo kwenye Tour ya 2006, kisha testosteroni ikakutwa kwenye sampuli yake na taji likaenda kwa Óscar Pereiro. Mimi nilitoa hoja zangu: kwamba muda mwingi aliupata kwenye mteremko, kwamba mpinzani wake Tom Dumoulin alikuwa akimngojea mwendeshaji wa timu nyingine, kwamba Sky walipanga watu wenye chupa njia nzima. Hoja za kweli zote. Ningezitafuta kama aliyeondoka angekuwa Mtaliano?

Na wakati wote huo ile kesi ya salbutamol ilikuwa juu ya kichwa chake. Salbutamol ni hii inhela ya bluu ya mtoto wako mwenye pumu. Inaruhusiwa, ila kwa kiasi, na mkojo haupaswi kuzidi nanogramu 1,000 kwa mililita. Sampuli yake ya Septemba 2017, kwenye Vuelta, ilisoma 2,000. Mwendeshaji Mtaliano Diego Ulissi alisoma 1,900 kwenye Giro ya 2014 na akafungiwa miezi 9. Froome, Julai 2, 2018, akaachiwa, siku tano kabla ya Tour. UCI walisema shirika la dunia la kupambana na pufya, WADA, limekubali kwamba matokeo yale hayathibitishi kosa. Hukumu yenye hesabu zote haikuchapishwa. Ukiwa upande wake utasema namba ya mkojo hubadilika kwa mtu aliyekaukiwa maji baada ya saa tano juani, na hilo ni kweli. Ukiwa upande mwingine utauliza kwa nini Ulissi hakukaukiwa maji.

Mnanitazama kama nimewasaliti. Basi tuseme la nyumbani. Oktoba 2024 Ruth Chepng'etich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Mwandishi wa Kimarekani akamuuliza waziwazi anawaambiaje watu watakaoshuku. Nchi nzima tuliwaka, mpaka bungeni. Nami niliwaka. Mwaka mmoja baadaye alifungiwa miaka mitatu kwa dawa ya kukojosha iliyokutwa kwenye sampuli ya Machi 2025. Rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa sampuli ilichukuliwa baada ya mbio zile. Kwa hiyo hata leo swali la yule mwandishi halijapata jibu. Lakini lilikuwa swali la haki, na sisi tulilipokea kama tusi kwa mama.

Pogačar naye hana mtu wa kumtetea katika ukumbi huu, nimewasikia mlangoni. Bosi wa timu yake, Mauro Gianetti, aliongoza Saunier Duval mwaka 2008, timu iliyoondoka Tour baada ya Riccardo Riccò kukutwa na EPO ya kizazi kipya. Hilo ni kweli na si dogo. Ile gesi ya kaboni monoksidi iliyoandikwa sana 2024, timu kadhaa zilisema zinaitumia kupima damu kambini, na UCI wakapiga marufuku kuivuta mara kwa mara kuanzia Februari 2025. Hilo pia ni kweli. Yote yameingia daftarini. Lakini kipimo kilichomkamata hakipo, kwa hiyo safu ya tano siandiki kitu.

Swali limetoka nyuma kule: na ya Froome, 2017, umeandika nini? Nilijua litakuja. Njooni muone. Nimeandika "salbutamol, 2,000", chini yake "ameachiwa, 2/7/2018". Mistari mingine yote kwenye safu hii ni ya kalamu. Huu niliuandika kwa penseli, na mpaka leo sijaupitishia wino.