Amri za Kemikali Ndani ya Jicho: Prostaglandini na Presha ya Macho

Waheshimiwa madaktari na wanafunzi, anatomia mnaijua, kwa hiyo nairuka. Tishu ya siliari hutengeneza takriban maikrolita 2.5 za maji ya jicho kila dakika, na katika glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya kuonea, shinikizo la ndani ya jicho hupanda kwa sababu maji hayo yamezuiwa kutoka, wala si kwa sababu yamezidi kutengenezwa.

Ninalolipigia kelele kila mwaka ni mazoea yetu ya kuitazama njia ya kutokea maji hayo kama bomba, ilhali ni tishu hai inayopokea amri za kemikali. Mfano wangu ni uleule, na walioshauchoka watanivumilia. Kwa miaka mingi prostaglandini, kemikali ambazo mwili wenyewe hutengeneza, zilihesabiwa kuwa adui wa jicho, kwani zilipotiwa kwa wingi jicho liliwiva na shinikizo likapanda. Mwaka 1977 László Bito wa Chuo Kikuu cha Columbia, pamoja na Carl Camras na Kenneth Eakins, alionyesha kwamba kipimo kidogo cha kemikali hizohizo hushusha shinikizo katika macho ya sungura. Wengi walitikisa vichwa, na matone ya latanoprosti, dawa ya jamii ya prostaglandini, yaliidhinishwa Marekani mwaka 1996 tu. Hesabuni wenyewe gharama ya kutosadiki.

Najua yupo atakayesema kwamba dawa na sumu hutofautiana kwa kipimo, na kwamba hilo halihitaji mhadhara. Linauhitaji, bwana, kwa sababu hapa kemikali haisukumi maji: hushika kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea amri, kwenye msuli wa siliari, seli zikaongeza vimeng'enya vinavyovunja protini ya kolajeni kati ya nyuzi za msuli, na maji yakapenya kati ya nyuzi hizo, njia ya pili ya kutokea, ile tuliyoidharau. Ndiyo maana tone moja la jioni hutosha hadi jioni ya pili. Kope nazo hurefuka, jambo ambalo si kila mgonjwa hulilalamikia.

Timololi, dawa nyingine ya glakoma, hupunguza utengenezaji wa maji, lakini usingizini haifui dafu, kwa kuwa amri ya kutengeneza maji, ambayo dawa hiyo huizuia, imekwisha kufifia yenyewe. Oksidi ya nitriki, kemikali nyingine inayotoa amri, ningeieleza, ila mwenyekiti ananionyesha saa.

Acheni basi niseme la deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ambayo watoto wenye macho ya kuwasha hutiwa kwa miezi bila kupimwa. Amri yake hukaza tishu ya kuchuja maji iliyo kwenye njia kuu ya kutokea, shinikizo la baadhi yao likapanda pasipo maumivu, huku mzazi akifurahi kwamba wekundu umekwisha. Anayeandika dawa hiyo aandike pia tarehe ya kupima presha ya macho.