Kumkanda mama kijacho na mama aliyejifungua: fuata mikono yangu

Karibuni tena. Leo tuko sebuleni hapa Tabata, feni inazunguka, na wifi yangu amekubali kulala kwenye godoro ili muone kwa macho. Mimba yake ina wiki 30. Mama kijacho, tazama, lakini hasa namtaka yule atakayekukanda: mume, dada, mama mkwe. Tunampunguzia maumivu ya mgongo, kiuno na miguu, basi. Hatumgeuzi mtoto. Akija mtu nyumbani akasema atamgeuza kwa mikono, mshukuru, msindikize hadi getini. Mtoto aliyetanguliza makalio hugeuzwa na daktari, hospitalini, kwa ultrasaundi na chumba cha upasuaji kikiwa karibu.

Kabla hujafungua mafuta, muulize. Unatokwa damu? Maji yanavuja? Kichwa kinauma sana, unaona maluweluwe? Uso au mikono imevimba ghafla? Mtoto amepunguza kucheza? Akijibu ndiyo hata kwa moja, hapakandwi mtu: chukueni kadi ya kliniki muende hospitali.

Halafu mwangalie miguu, yote miwili. Ikivimba yote kidogo jioni, na joto letu hili, ni kawaida. Ila ukiona mguu mmoja tu umevimba, una moto na unauma kwenye shavu la mguu, usiuguse. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ukisugua unaweza kulisukuma bonge hadi kwenye mapafu. Damu ya mjamzito huganda kwa urahisi, na hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua. Inaendelea kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mguu utautazama hata akishajifungua.

Sasa mlaze ubavu, wa kushoto ni mzuri zaidi. Mto mmoja katikati ya magoti, mwingine mdogo chini ya tumbo, wa tatu nyuma ya mgongo. Huna mito mitatu? Kunja kanga. Chali hapana, maana mimba ikishakuwa kubwa, uzito wake hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mama anaanza kuona kizunguzungu. Kifudifudi sina haja ya kusema.

Mafuta ya nazi yanatosha, ya ufuta pia. Ya karafuu yaache. Yakiwa makali yanaunguza ngozi, na harufu yake inaweza kumtapisha mjamzito. Pasha mafuta viganjani mwako kwanza.

Tazama mikono. Naanzia kiunoni, napanda kando ya uti wa mgongo, nikiuacha mfupa wenyewe katikati, hadi mabegani. Nashuka pembeni kwa wepesi. Taratibu, tena na tena. Utajuaje kama umezidisha nguvu? Mpigishe stori. Akikata maneno, akabana pumzi au akakunja uso, punguza. Wanaume wengi hapa hukosea kwa kudhani kukanda ni nguvu, kama wanakanda unga wa chapati.

Njoo na kamera huku kwenye nyonga. Hapa ndipo wengi wanapoumia miezi ya mwisho. Weka kitako cha kiganja juu ya msuli wa kalio, zungusha duara pana, polepole. Baki hapa kadiri anavyotaka. Kisha geuza upande ukipenda, ila asikae chali katikati.

Miguu: kutoka kwenye vifundo kupanda magotini, kwa kiganja kizima, kama unapaka losheni. Usibonyeze kwa kidole gumba upande wa ndani juu ya kifundo. Tumbo tunaliacha. Akitaka kupakwa mafuta, ajipake mwenyewe.

Mnaniuliza sana kuhusu akupancha, hizi sindano za Kichina. Si ngeni kwetu: madaktari wa China walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na bara mwaka 1968. Kwa maumivu ya kiuno na nyonga wakati wa mimba, wapo wanaopata nafuu. Lakini sindano si kazi ya sebuleni. Nenda kwa mtaalamu aliyesajiliwa. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa ajili hiyo, chini ya sheria ya mwaka 2002. Mwambie una mimba kabla hujalala kitandani, hata kama tumbo halijaonekana, kwa sababu kuna sehemu wanazoziepuka: nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, ndani ya mguu juu ya kifundo, na kiuno cha chini. Sindano zitoke kwenye pakiti mpya inayofunguliwa mbele yako. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ongea na daktari wako kwanza.

Unachoweza kufanya nyumbani ni hiki, bila sindano. Geuza mkono, kiganja juu. Weka vidole vitatu vya mkono mwingine chini ya mkunjo ule kiganja kinapoungana na mkono. Pale vinapoishia, kati ya kano mbili, bonyeza kwa kidole gumba dakika mbili tatu. Ni kwa kichefuchefu. Wengine kinawasaidia, wengine wala, na hakina madhara. Ukitapika hadi maji hayakai tumboni, nenda hospitali.

Sasa mama ameshajifungua, yuko ndani ya arobaini, na bibi amechemsha sufuria la maji. Bibi, shikamoo. Taulo la maji ya vuguvugu mgongoni na mabegani ni raha tupu, endelea. Ila lijaribu kwanza ndani ya mkono wako. Likikuunguza wewe, litamuunguza na yeye. Tumboni usikandamize, eti kutoa damu iliyobaki. Mfuko wa uzazi unarudi wenyewe, na kunyonyesha kunausaidia. Akilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au akipata homa, ni hospitali mara moja.

Aliyefanyiwa upasuaji akandwe mabega, mikono na nyayo tu, akiwa amekaa. Kidonda kisiguswe na maji ya moto wala mafuta. Subiri hudhurio la siku ya 42, waulize.

Kanga ya tumbo? Funga, akipenda. Vidole viwili vipite ndani, aweze kupumua na kucheka. Kubana sana kunasukuma uzito chini, kwenye misuli ambayo ndiyo kwanza imechoka.

Na titi likijaa likawa gumu, usilikamue kwa nguvu. Pitisha vidole juu juu kuelekea kwapani, weka kitambaa cha maji baridi, mtoto aendelee kunyonya. Wekundu ukiandamana na homa, muonwe kliniki. Mafuta yasifike kwenye chuchu.

Ukimaliza, futa mafuta yote kwenye nyayo zake kabla hajasimama, na mvishe kandambili. Vigae hivi vinateleza.