Pampu ya Dawa na Mafuta Yanayoizunguka

Mabibi na mabwana, hamjambo. Sitarudia maelezo ya usugu wa dawa, kwani kila aliyemo ukumbini humu amewahi kumwona mgonjwa ambaye dawa iliyomfaa mwanzoni haimfai tena. Nashika jambo moja tu, ambalo wenzangu hapa Mombasa wamechoka kulisikia kinywani mwangu: P-glaikoprotini, ile protini iliyo pampu ya kutoa dawa nje ya seli, ambayo watafiti Juliano na Ling waliieleza mwaka 1976 katika seli za hamsta wa Kichina zilizokuwa sugu kwa dawa ya kolchisini, haieleweki ukiitenga na mafuta yanayoizunguka. Katika michoro tunayofundishia, pampu hupambwa kwa rangi nyingi, na utando wa seli, ambao ndio mafuta yenyewe, huachiwa mistari miwili myembamba, kana kwamba hauna kazi.

Zingatieni pampu yenyewe inavyofanya. Dawa nyingi inazozitoa, zikiwemo vinblastini na doksorubisini za saratani, hupenda mafuta, kwa hiyo zikifika kwenye seli huzama kwanza ndani ya utando. Mwaka 1992 Higgins na Gottesman walipendekeza kwamba pampu huikamata dawa ikiwa bado katika tabaka la ndani la utando huo, ikairudisha nje kabla haijafika kwenye maji ya seli. Waliokulia Mji wa Kale watanielewa upesi: mgeni asiyetakiwa huishia dakani, ndani hakanyagi. Umbo la protini hiyo ya panya, lililochapishwa mwaka 2009, lilionyesha uwazi mkubwa wenye mianya inayofunguka kwenye tabaka hilohilo la ndani.

Basi ikiwa dawa hukamatwa ndani ya mafuta, itakuwaje aina ya mafuta isiiguse kazi ya mkamataji? Anayeitoa protini hii kwenye utando kwa sabuni za maabara aghalabu huiona ikipoteza uwezo wa kuvunja ATP, ambayo ndiyo nishati yake. Akiirudishia fosfolipidi zifaazo, yaani mafuta ya utando, uwezo huo hurejea. Hakuongeza protini nyingine, wala dawa mpya. Ameongeza mafuta, nami nitalisema tena hata mkinuna: mafuta. Kolesteroli nayo, ikizidishwa au ikipunguzwa katika utando, hubadili kasi ya kuvunja ATP na namna pampu inavyozishika baadhi ya dawa.

Najua yupo atakayesema kwamba mafuta ni ukuta tu, na ukuta hautendi. Ndugu yangu, ukuta huo una unene wake, ulegevu wake na chaji yake ya umeme, na dawa inayoupenda hujaa ndani yake, hata kiasi kinachoonekana kidogo kwenye maji kikawa kikubwa pale pampu inapochotea. Anayepima maji peke yake, kisha akatangaza kwamba pampu inaipenda dawa hii kuliko ile, huenda amepima mapenzi ya dawa kwa mafuta akayasingizia pampu. Na asitoke mtu hapa akidai kwamba nimekataza wali wa nazi. Seli hujidhibitia kolesteroli ya utando wake, nami sijazungumzia sahani ya mtu.

Kuhusu bakteria nitapita mbio, maana mwenyekiti ameanza kutazama saa. LmrP, pampu ya dawa ya Lactococcus lactis, huhitaji fosfatidiletanolamini, lipidi mojawapo (yaani mafuta) ya utando, ili ifanye kazi ipasavyo, na LacY, protini ya Escherichia coli, ambayo husafirisha laktosi wala si dawa, ikikosa lipidi hiyo sehemu yake hukaa kichwa chini miguu juu katika utando.

Wafamasia, lenu ni hili: viyeyushio Cremophor EL, inayotumika kuyeyushia paklitakseli, dawa ya saratani, na Tween 80 zimeonekana maabara zikiizuia P-glaikoprotini, na njia mojawapo inayotajwa ni kuuvuruga utando wenyewe. Kwa hiyo kiyeyushio msikiite kibebeo tu. Nilikusudia pia kueleza jinsi pampu hiyohiyo inavyoizuia loperamidi, dawa ya kuharisha iliyo ya jamii ya afyuni, isiingie ubongoni, lakini muda umekwisha. Mwenye hamu nayo aiulize katika maswali.